Namba Kifuani, Pete Mfukoni

Mpaka leo kuna watu Songea mjini wakiniona wananiita Kiingilio, na wengi wao hawajui jina langu la ubatizo wala hawajui hilo la utani lilianzaje, wanajua tu kwamba ukiniita hivyo nainamisha kichwa na kubadilisha njia. Nimeona bora nieleze mwenyewe. Nikiwaachia wengine wataongeza chumvi, na mkasa wenyewe ulikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga (ingawa mwalimu wetu alikuwa na maoni yake), bali kwa sababu nilitaka kuona tumbaku inavyokaushwa, nikaenda Namtumbo kuangalia mara moja tu, nikakaa misimu kadhaa. Huko nikasikia habari za korosho za Nalasi, kwamba ukishika maji ya ganda lake ngozi inababuka, nikataka kujua kama ni kweli, nikababuka, nikajua. Baadaye nikafuata mawe ya thamani Tunduru, na nilichochimba zaidi kilikuwa homa, wakanitibu hospitali ya Mbesa nikarudi nyumbani Mshangano, kwenye njia ya kwenda Njombe, na mikono mitupu. Nyumbani nilikuwa na sifa moja tu: huyu ukimtuma, usimsubiri.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kunisema hivyo ni mdogo wangu, Yustina. Ndiyo maana mkasa huu unaniuma, kwa sababu ulimpata yeye, tena siku ya harusi yake.

Ndoa ilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Padri alikuwa amesema wazi: misa ni asubuhi, ikiisha tu anaondoka kwenda kigangoni ambako watu wanamsubiri, na atakayechelewa asubiri mpaka baada ya Pasaka. Upande wa bwana harusi walikuwa wametoka Mbinga kwa basi la kukodi, wamelala mjini. Pete zilikuwa kwa fundi sokoni, anazipunguza, na ilibidi mtu azifuate mapema azilete nyumbani Mshangano, kisha twende wote kanisani. Baba mdogo, ambaye tangu marehemu baba atutoke ndiye alikuwa anasimamia mambo yote, alitaka atumwe mtu mwingine.

"Mpeni kaka, atazileta," alisema Yustina.

"Huyu?" Baba mdogo aliuliza. "Huyu akikuta watu wanachimba choo atasimama aone wamefika wapi."

(Ni kweli nimewahi kufanya hivyo, lakini lile shimo lilikuwa limetoa maji, mtu yeyote angesimama.)

"Atazileta," Yustina alirudia, na akaendelea kusukwa nywele kana kwamba maneno yamekwisha.

Basi alfajiri niliondoka nikiwa nimeshavaa kabisa, suti ya mtumba ya kahawia na viatu vyeusi vyenye ncha, vikubwa kidogo, nimejaza karatasi mbele. Nikapata gari la mapema, nikamkuta fundi, nikapokea pete, nikazifunga kwenye pembe ya leso, nikaitia leso mfuko wa ndani wa koti. Yote hayo niliyafanya vizuri, na jua lilikuwa bado changa. Naomba mlikumbuke hilo.

Nilipotoka kuelekea stendi nikakuta kamba. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio za mji, polisi wamesimama hapa na pale, na kando kuna meza, na mbele ya meza kuna kadibodi imeandikwa neno moja kwa rangi nyekundu: KIINGILIO.

Sasa mnielewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko huria limeingia, na kila kitu tulichozoea kukipata bure kilikuwa kinawekewa meza mbele yake. Hospitali unachangia, shule unachangia, hata choo cha stendi kiliwekewa kijana mlangoni. Na sisi watu wa mpira neno kiingilio tunalijua vizuri sana: kiingilio anatoa mtazamaji. Mchezaji hatoi. Ningesikia mchezaji kalipishwa ili afungwe mabao ningesema aliyesimulia ana homa. Mbio za mji wetu nazo zilikuwa zinakimbiwa bure tangu niko mdogo, unakuja, unakaza kamba za viatu, filimbi inalia, unakimbia, mwisho wanakupa uji. Kwa hiyo nilipoona meza ile nikawaza: kumbe sasa wameanza kutoza watu kuangalia mbio. Lakini barabara haina ukuta. Watamzuiaje asiyelipa asitazame?

Swali hilo ndilo lililoniponza. Pete mfukoni, dada anasubiri, na mimi nimesimama natafuta ukuta wa barabara.

Mezani alikuwa mama mmoja wa kamati, mnene, mwenye pini nyingi mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaingia?"

"Naingia."

"Kubwa au ndogo?"

Mimi nikawaza jukwaa. Uwanjani kuna jukwaa kubwa lenye kivuli na kuna kule kwetu kwenye jua, na mtu aliyevaa suti siku ya harusi ya dada yake hawezi kusema ndogo mbele za watu.

"Kubwa," nikasema.

Mama yule akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ncha za viatu. "Na viatu hivyo?"

Nikadhani ananisifia. "Hivi hivi, mama."

"Haya. Kila mtu na mguu wake." Akataja bei, na bei yenyewe ilinifanya nikohoe. Nikamuuliza mbona imekuwa hivyo. Akatoa pini mdomoni ili anijibu vizuri. "Mwanangu, si sisi. Zamani askari walikuwa wanakuja na filimbi zao, basi. Sasa wanataka dizeli ya Landrova, wanataka chakula cha mchana, tena kwa kila kichwa, na wakikaa zaidi unaongeza. Tutatoa wapi? Ndiyo tunawagawia ninyi."

"Kwa hiyo tunawalipia polisi."

"Mnalipia usalama wenu."

Neno lilinipendeza. Maishani mwangu polisi walikuwa wananiuliza ninatoka wapi na ninakwenda wapi, sijawahi kuwa na polisi wa kwangu. Nikalipa. Akanibandika kitambaa chenye namba kifuani, juu ya suti, kwa pini nne, nikamshukuru.

Kijana mwenye kipaza sauti akatangaza wenye namba wote waingie ndani ya kamba. Nikaingia, nikajichagulia mahali pa mbele kabisa. Waliobaki nje ya kamba nikawaonea huruma, nikajisemea, hao ndio wa bure. Ni kweli niliona kwamba wenzangu mle ndani walikuwa wamevaa kaptura na wengine wanarukaruka, lakini nikawaza labda wakimbiaji wenyewe huwa wanakuja kwanza kusalimiana na waliolipia. Jirani yangu, kijana mwembamba aliyesema ametoka Madaba, alikuwa peku. Nikamuuliza kama na yeye amelipia kubwa. Akasema wamechangishana yeye na ndugu zake ndiyo akapata ya kubwa. Nikashangaa, ndugu wanamchangia mtu aende kutazama mbio.

Filimbi ikalia.

Watu wenye mbio wakija nyuma yako huna muda wa kufikiri. Nilisukumwa, nikapiga hatua ili nisianguke, nikapiga ya pili kwa sababu hiyo hiyo, na nilipotaka kutoka pembeni kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba askari akinipungia fimbo: "Twende, twende, usizuie wenzako." Watoto walikuwa wanapiga makofi. Mama mmoja muuza maandazi akaniita, "Bwana harusi, kanisa liko nyuma yako," na watu wakacheka upande ule wote wa barabara. Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua.

Ningeweza kutoka kamba ilipoishia. Lakini niligundua kwamba mbio zenyewe zinakwenda Mshangano, zinazunguka pipa, zinarudi uwanjani. Mshangano ndiko nyumbani. Magari yamezuiwa, kwa hiyo hata ningetoka ningekwenda kwa miguu vilevile. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe, nitakimbia hadi nyumbani, nitavua kitambaa, nitakabidhi pete, na hela yangu haitakuwa imepotea bure. Kwa mtu anayehema, hoja hiyo ilikuwa na nguvu sana.

Nikakimbia, mkono mmoja umeshika koti mahali pete zilipo, kama mtu anayeumwa moyo. Kila mtu alinipita. Karatasi za kwenye viatu zikalowa jasho zikawa uji. Kabla sijafika kwenye pipa nikaona njia yetu ya mkato inayopita kwenye mahindi, nikachepuka humo bila kumwambia mtu, na mahindi ya mwezi ule yanamfunika mtu mzima.

Nyumbani nikakuta kuku tu. Jirani yetu alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Wameshaondoka. Walisema umechelewa mno, bila shaka umebaki kanisani unawasubiri huko." Akaitazama namba. "Hiyo ni ya nini?"

Nikarudi mbio kwa njia ile ile, nikatokeza barabarani, na nilichokiona pale nikiwa hai sitakisahau.

Kwenye pipa ilisimama Landrova ya polisi imeziba barabara. Nyuma yake kulikuwa na basi la Njombe, malori ya mbolea, magari madogo, foleni imekwenda mpaka inapinda. Askari wawili walikuwa ndani ya mahindi wanapekua kwa fimbo. Kijana wa kamati akaniona kwanza, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Huyu hapa. Amepatikana."

Walikuwa wananitafuta mimi. Walihesabu namba zilizozunguka pipa, wakakuta pungufu ni moja, wakadhani mtu ameanguka porini. Koplo aliyesimamia msafara, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, alinijia akanishika mabega, akanitazama macho, akaniuliza kama nina kizunguzungu. Hakuwa na hasira. Hilo nalo lilinitia aibu.

"Afande, shikamoo. Naomba nivue namba hii nijitoe."

"Umelipia?"

"Nimelipia."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Basi utaimaliza. Mwaka jana kijana alijitoa kimyakimya kama wewe, akarudi mjini peke yake pembeni ya barabara, magari yameshafunguliwa, lori likamgonga pale chini. Aliyeulizwa yuko wapi namba ya mwisho ni mimi." Akaangalia foleni. "Leo barabara inafunguliwa namba ya mwisho ikiingia uwanjani. Nimeambiwa hivyo, na dizeli mmelipa wenyewe."

"Basi nipande Landrova."

"Tumelipwa kusindikiza. Kubeba hatukulipwa."

Ndipo niliposikia mlango wa gari ukibamizwa, na sauti ninayoijua. Katikati ya basi na malori ilikuwa pikapu imepambwa riboni, na Baba mdogo alikuwa ameshuka, anakuja, anatembea polepole kama mtu anayetaka kuhakikisha macho yake. Nyuma ya pikapu akina mama wa kwetu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na rozari mikononi. Baadaye niliambiwa kwamba waliposikia kuna mkimbiaji amepotea, walianza kumwombea.

Baba mdogo alisimama mbele yangu akaisoma namba, kisha akanisoma uso.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Baba mdogo."

"Tuliyekuwa tunamwombea ni wewe."

Nilitamani angenitukana. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja linazunguka, na linazunguka hadi leo: nilikuwa nimekodi polisi wazuie harusi ya dada yangu, na nimewalipa kwa hiari yangu, tena nikachagua ya kubwa.

Yustina akashuka. Alikuwa na gauni jeupe, shela amelikunja mkononi, uso umepakwa poda na poda imeanza kuchirizika. Akanyoosha mkono.

"Kaka, pete."

Nikatoa leso, nikampa. Akalifungua fundo, akaziona zote mbili zinang'aa, na kwa muda mfupi nilidhani anaondoka nazo, ana haki, na sifa yangu itakuwa imekamilika. Lakini alifunga fundo upya, akarudisha leso mwenyewe kwenye mfuko wangu wa ndani, chini ya namba.

"Niliwaambia watu wote utazileta," alisema taratibu. "Usinifanye nizibebe mwenyewe." Kisha akamgeukia koplo. "Shikamoo, baba. Barabara imefungwa kwa magari au kwa watu?"

"Marahaba. Kwa magari, binti."

"Watu wakienda kwa miguu mbele yako?"

Koplo akafikiri. "Wakiwa mbele yangu, nawasindikiza. Ila kiingilio kilikuwa cha mtu mmoja."

"Wao wako na mimi, afande," nikasema.

Yustina alivua viatu akampa dereva, akakusanya gauni mpaka magotini, na akaanza. Huyu ni mtu aliyechota maji bondeni tangu utotoni, msifikiri alikuwa anatembea. Mimi nyuma yake, Baba mdogo nyuma yangu na koti begani, halafu akina mama, ambao kwanza walijifunika kanga kwa aibu, halafu mmoja akapiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Nyuma yetu sote Landrova, taa zinamulika mchana, na nyuma ya Landrova foleni yote ya njia ya Njombe inakuja kwa mwendo wa bibi harusi. Kila nilipopunguza, Yustina aligeuka akanitazama, nami nikaongeza. Mjini watu walikuwa bado wamepanga mstari. Wengine walidhani ni onyesho la kamati, wakapiga makofi. Yule mama wa maandazi alinitambua.

Padri alikuwa mlangoni mwa kanisa, begi la safari liko miguuni pake. Akatuona, akaliinua begi akalirudisha ndani.

Mnafikiri yamekwisha. Nilipoingia kanisani nikahisi mtu nyuma yangu, ni koplo, amevua kofia ameishika kifuani, anakanyaga kwa adabu. Akanong'ona: "Kabidhi, halafu twende. Uwanja uko mbele." Nikamnong'oneza kwamba huyu ni dada yangu wa pekee. Akasema anaona, na anasikitika, lakini kwenye lile basi kuna mama mwenye mtoto mgonjwa na kuna maiti kwenye mojawapo ya yale malori inapelekwa kwao, na hao nao wana ndugu.

Sikuwa nimewafikiria kabisa. Asubuhi yote nilikuwa nafikiri waliozuiliwa ni sisi.

Nikatembea mpaka mbele, bwana harusi na watu wake kutoka Mbinga wananitazama, nikatoa leso, nikaweka pete kwenye kisahani. Padri aliitazama namba, akanitazama, akasema chini kwa chini, "Nenda umalize, mwanangu." Nikatoka. Yustina alikuwa ameshageukia altare, lakini mkono wake ulinigusa koti nilipopita.

Kwa hiyo ndoa ya dada yangu sikuiona. Niliisikia. Nilikuwa barabarani, Landrova nyuma, basi linapiga honi, na vigelegele vikatoka kanisani kwa pamoja, nikajua wameshavishana. Nilikuwa nakimbia nikilia, na watu walifikiri ni uchungu wa miguu, nikawaacha wafikiri hivyo.

Uwanjani walikuwa wanakunja meza. Mama wa pini alinitoa namba kifuani, akaona matundu yaliyobaki kwenye suti, akatikisa kichwa. Niliuliza nani ameshinda mbio kubwa, akasema ni kijana mmoja wa Madaba, peku.

Mwaka uliofuata kiingilio kilipanda. Nilisimama pale pale nikamsikia kijana wa kipaza sauti akieleza kwamba askari mara ya mwisho walikaa saa nyingi kuliko zilizopangwa kwa sababu ya mkimbiaji mmoja, na kituo kimewadai cha ziada, na kamati haina pa kukitoa. Watu wakageuka wakanitazama, na jina langu likazaliwa hapo. Nilimtafuta kijana wa Madaba ndani ya kamba, sikumwona. Mwenzake wa kijiji kimoja, aliyekuja kuuza kuku, aliniambia ndugu walishindwa kuchangishana ile bei mpya, na yeye akaona aende shambani. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria suti yangu. Yule mama hakudanganya, tulilipia usalama, na koplo yule aliufanyia kazi kweli. Lakini uzembe wangu wa asubuhi moja ulikatwa vipandevipande wakagawiwa watu wote, na kipande kikubwa zaidi kikamwangukia aliyekuwa na miguu na hana hela.

Yustina ana watoto wakubwa sasa. Siku hizi ananituma bila wasiwasi, na huwa nawahi, kwa sababu napita mbali na meza yoyote niionayo njiani. Udadisi haujaniisha, nikiona watu wamekusanyika bado shingo inageuka yenyewe. Ila sasa mtu akiniuliza kubwa au ndogo, hata kama ni chai, naweka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nahema, namuuliza kwanza: kubwa ya nini, na nani mwingine atasubiri mpaka niimalize.